Macau: Uso wa Jiwe, Ulimi Mtamu

Mgeni akifika Macau, cha kwanza anachooneshwa ni uso. Hupandishwa vidaraja vipana vya mawe, akasimamishwa mbele ya ukuta mrefu wa matale uliochongwa kwa ustadi, akaambiwa kuwa hilo ndilo kanisa la São Paulo. Akivuka mlango wake halioni kanisa. Huona uwanja na mbingu. Jengo liliungua mwaka 1835, wakati lilipokuwa likitumiwa kama kambi ya askari, na kilichosalimika ni ukuta wa mbele peke yake. Kila siku maelfu ya watu hupigwa picha wakiwa wameupa mgongo ukuta huo, kisha hushuka kwenda kula vikeki vya mayai, na usiku ukiingia huelekea kwenye kasino.

Hapo ndipo kadhia ya Macau inapoanzia. Ni mji ambao uso wake umetunzwa kuliko undani wake, na kwa hiyo ni rahisi mno kuupitia bila ya kuusoma. Mpenzi wa ushairi anaijua khatari hiyo, kwani shairi nalo laweza kusifiwa kwa vina na mizani yake likaachwa bila ya kuulizwa linasema nini.

Macau iko kwenye mlango wa Mto wa Lulu, kusini mwa China, ng'ambo ya maji kutoka Hong Kong. Wareno walianza makaazi yao hapo mnamo mwaka 1557, na bendera yao haikuteremshwa hadi Disemba 1999, mji uliporejeshwa China. Eneo lake lote, pamoja na ardhi iliyofukiwa baharini, ni kiasi cha kilomita za mraba 33, na wakaazi wake ni kama 680,000. Mwaka 2019 peke yake uliingiza wageni zaidi ya milioni 39, yaani zaidi ya wageni 50 kwa kila mkaazi. Wageni hao huvutwa na mambo mawili, na yote mawili yalipata muhuri wa dunia katika miaka inayofuatana. Mwaka 2005 UNESCO iliuingiza mji wa kale katika orodha ya urithi wa dunia. Mwaka 2006 mapato ya kamari ya Macau yaliyapita yale ya barabara kuu ya kasino ya Las Vegas. Urithi na karata ndizo kurasa mbili anazofunguliwa mtalii. Ukurasa wa tatu, ule wa washairi, aghalabu haufunguliwi, ilhali ndio unaotoa hukumu juu ya zile mbili.

Uso na gofu

Ni haki kuanza na sifa. Uso wa São Paulo si pambo la bure. Kanisa lilianza kujengwa na mapadri Wajesuiti mwaka 1602, na uso wake ulikamilika karibu na mwaka 1640. Waliouchonga walikuwa mafundi wa Kichina pamoja na Wajapani Wakristo waliokimbia mateso kwao, na kila kundi liliacha alama yake. Ukuta umepangwa kwa tabaka tano, na husomeka kutoka chini kwenda juu: nguzo na milango, kisha watakatifu wa shirika, kisha Maryamu akizungukwa na malaika, na karibu na kilele njiwa wa shaba. Pembeni mna merikebu ya Kireno yenye matanga, simba wa mtindo wa Kichina, maua ya Mashariki, na kiunzi cha mifupa ya maiti kinachomkumbusha mpita njia mwisho wake.

Linalostahiki kutazamwa zaidi ni joka lenye vichwa saba. Mchongaji wake alikuwa na tatizo ambalo kila mfasiri analijua. Kwa Mzungu wa zama hizo joka lilikuwa sura ya ibilisi. Kwa Mchina lilikuwa heba, mvua na ufalme. Taswira ni moja, maana ni mbili zinazopingana. Ndiyo maana pembeni ikachongwa sentensi ya Kichina inayoeleza kuwa Mama Mtakatifu analikanyaga joka kichwani. Picha haikuaminiwa kujisemea yenyewe. Katika sentensi hiyo fupi imo hali ya mji mzima, uliofanya biashara na siasa zake kwa kuwategemea wakalimani, nao wakiitwa jurubaça, neno ambalo asili yake ni Kimalay.

Msomaji wa pwani hawezi kuliona gofu la namna hii asimkumbuke Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir. Al-Inkishafi nayo humtembeza mtu katika magofu, lakini njia yake ni nyengine kabisa. Mshairi humshika mkono msomaji akamwingiza ndani, kumbini na vyumbani, hadi kwenye madaka yaliyokuwa yakipangwa sahani na sasa yamekuwa viota vya ndege. Pate ya utenzi huo ina undani, na huzuni yake hutokana na undani huo, kwa sababu msomaji hufahamishwa taa ziliwaka wapi na watu walikaa wapi. Tena anayesemeshwa humo si mgeni, bali ni moyo wa mshairi mwenyewe.

Gofu la Macau halimsemeshi mtu kwa namna hiyo. Lina sura lakini halina chumba. Na mtalii, badala ya kuuliza wako wapi waliosali humu, huligeuzia mgongo ili naye aingie katika picha. Kosa si la jiwe. Kosa ni la namna ya usomaji ambayo mji umewafundisha wageni wake.

Wala hapana ulazima wa kusoma hivyo. Hatua chache tu kando ya ukuta huo kuna hekalu dogo la Na Tcha, lililojengwa mwaka 1888, ambamo udi bado unafukizwa. Pembeni mwake kimesimama kipande cha ukuta wa kale wa mji, uliosindiliwa kwa udongo, mchanga, majani ya mpunga, mawe yaliyopondwa na maganda ya chaza. Fundi wa visiwani aliyewahi kuchoma chokaa kwa matumbawe hahitaji mtembezi wa kumweleza watu hao walikuwa na nini mikononi mwao: walikuwa na bahari, wakaigeuza nyumba.

Juu ya kilima kilicho jirani iko ngome ya Monte, iliyojengwa baina ya miaka 1617 na 1626. Ni ya zama moja na Ngome ya Yesu ya Mombasa, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1593. Mwezi wa Juni 1622 Waholanzi waliuvamia mji wa Macau wakashindwa, na miongoni mwa waliopigana kuulinda walikuwamo watumwa wa Kiafrika. Wengi katika Waafrika waliokuwako Macau zama hizo walipelekwa kwa njia ya Msumbiji na Goa. Vitabu vya historia huwataja zaidi kama kundi, na ni nadra kuwataja kwa majina. Kwa hiyo Mwafrika anayesimama leo baina ya mizinga ya Monte si mgeni kamili mahali hapo. Jambo hilo, hata hivyo, halionekani usoni mwa mji, hulijua aliyesoma.

Mshairi wa pangoni

Si mbali na kilima hicho iko bustani ambayo jina lake la Kireno ni Bustani ya Luís de Camões, na jina lake la Kichina ni Kiota cha Njiwa Mweupe. Majina hayo hayatafsiriani. Vivyo hivyo vibao vya vigae vyeupe na buluu vilivyobandikwa mitaani: mara nyingi Kireno kinasema hili na Kichina kinasema lile, na wapita njia wawili wakaweza kuishi katika mtaa mmoja wenye maana mbili. Asubuhi wazee huja bustanini na matundu ya ndege wao, wakayatundika mitini, wakakaa kucheza sataranji ya Kichina. Ndani zaidi, chini ya majabali yaliyoegemeana, imo sanamu ya shaba ya kichwa na mabega ya mshairi anayehesabiwa kuwa mkubwa kuliko wote wa Ureno, na beti za utenzi wake zimechongwa katika mawe.

Inasimuliwa kuwa Camões aliishi Macau, akatunga sehemu ya Os Lusíadas katika pango hilo, kisha merikebu aliyosafiria ikazama karibu na mlango wa Mto Mekong, naye akaogelea huku muswada ameuinua juu ya maji. Ni kisa kizuri, na uzuri wake ndio uliokilinda. Wataalamu hawajakubaliana kama mshairi huyo alikanyaga Macau hata siku moja. Lililo na nguvu zaidi ni habari ya Diogo do Couto, mwanahistoria na rafiki yake, ambaye alimkuta amekwama katika Kisiwa cha Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1560, fukara, akiishi kwa hisani ya marafiki huku akiutengeneza utenzi wake. Kwa maneno mengine, uhusiano wa Os Lusíadas na kisiwa cha Afrika ya Mashariki una ushahidi madhubuti kuliko uhusiano wake na pango ambalo watu hupelekwa kulizuru.

Uhusiano huo haumo katika maisha ya mtunzi tu. Umo ndani ya utungo wenyewe. Os Lusíadas, uliochapwa mwaka 1572, una sehemu 10 na beti 1,102. Kila ubeti una mishororo minane: vina vinapishana katika mishororo sita ya mwanzo, kisha mishororo miwili ya mwisho inaufunga ubeti kwa kina kimoja kipya. Kisa chake ni safari ya Vasco da Gama ya mwaka 1497 hadi 1499. Katika kisa hicho Kisiwa cha Msumbiji na Mombasa vimepewa sura ya hila na mitego, ilhali Malindi imepewa sura ya ukarimu. Na ni mbele ya mfalme wa Malindi ambapo da Gama anasimulia historia ya Ureno, katika sehemu ya tatu, ya nne na ya tano. Yaani karibu theluthi ya utenzi ambao Wareno wanajifakharisha nao imetungwa kama hadithi anayohadithiwa mtu wa pwani ya Waswahili.

Hilo ni jambo la fani lenye uzito mkubwa. Shujaa anahitaji sikio, na sikio alilochaguliwa si la mfalme wa Ulaya wala la mungu wa Kirumi, ingawa miungu ya Kirumi imejaa katika utenzi huo. Ni sikio la Malindi. Lakini mfalme huyo amepewa kazi ya kusikiliza, kustaajabu na kukirimu. Hakupewa zamu ya kusimulia. Hapana ubeti ambamo naye anaeleza wazee wake walitoka wapi na misimu ya pepo iliwafundisha nini. Hapo ndipo penye upungufu wa utungo huu uliokamilika kwa mengine mengi. Unajua kuwa upande wa pili kuna mtu, lakini haumuulizi kitu. Anayetaka kusikia upande huo hana budi kwenda kwengine, kama vile kwenye tarehe ya Kilwa, ambamo ujio wa Wareno unaelezwa na waliokuwa ufukweni.

Kwa hiyo kuna kejeli ya haki katika bustani ile. Utenzi ambao haukumpa mwenyeji zamu ya kusema umechongwa kwenye mawe, na wenyeji wanapita mbele yake kila asubuhi na ndege zao. Wao wamekipa kiwanja hicho jina lao wenyewe, na jina hilo limedumu kwa sababu linatumika kila siku.

Saa ya maji na ukumbi usio na usiku

Ikiwa Camões ni mshairi ambaye Macau inamdai bila ya hati, Camilo Pessanha ni mshairi ambaye mji unayo hata mifupa yake. Alizaliwa Coimbra mwaka 1867, akafika Macau mwaka 1894 kusomesha katika skuli ya sekondari ya Kireno, akawa pia wakili na hakimu, akakusanya sanaa za Kichina na kutafsiri mashairi ya maombolezo kutoka Kichina. Alikuwa mvutaji wa afyuni, na jambo hilo limewashughulisha waandishi kuliko mashairi yake, jambo lisilostahiki. Alifariki Macau mwaka 1926 na amezikwa katika makaburi ya São Miguel.

Aliacha kitabu kimoja cha mashairi, kilichotolewa Lisbon mwaka 1920 kwa jitihada ya rafiki. Kinaitwa Clepsidra, yaani saa ya maji, chombo cha kale kilichopima wakati kwa kudondosha maji tone kwa tone. Tungo zake ni chache, fupi, na muziki wake ni wa chini kama wa mtu anayesema na nafsi yake. Taswira zake kuu ni maji yanayopita, vitu vilivyozama vinavyoonekana kwa chini, na picha zinazopita machoni zisikubali kukaa. Macau haitajwi kwa urahisi ndani yake. Hapana hekalu wala mtaa wa kumfurahisha mtalii. Hata hivyo hapana kitabu kinachoufaa mji huu kuliko hicho, kwani Macau ni mahali ambapo wakati umekuwa bidhaa.

Kamari ilihalalishwa Macau katikati ya karne ya 19, bandari ya Hong Kong ilipoanza kuichukulia biashara yake na serikali ya kikoloni ikahitaji mapato. Mchezo uliovuma ulikuwa fantan: vifungo vingi hufunikwa kwa bakuli, kisha huhesabiwa vinne vinne, na watu hushindania vitakavyobaki mwishoni. Mwaka 1962 kampuni moja ilipewa haki ya peke yake. Haki hiyo ilikoma kipindi cha mwaka 2002, na mwaka 2004 kasino ya kwanza ya wenye mitaji wa Las Vegas ilifunguliwa. Tangu hapo bahari iliyokuwa baina ya visiwa vya Taipa na Coloane, ambayo ilifukiwa, imeota majumba makubwa. Venetian Macao ilifunguliwa mwaka 2007 na mifereji ya maji ndani ya jengo, mashua za Venice, wapiga makasia wanaoimba, na juu yake dari iliyochorwa mbingu. Mwaka 2016 ukafuata mnara wa Paris kwa nusu ya urefu wake, na mwaka 2021 jengo jengine likavishwa sura ya London. Mji wenye uso wa kweli usio na jengo umejijengea majengo yenye nyuso za kuazima.

Kumbi za kamari kwa kawaida hujengwa bila ya madirisha wala saa, ili mchezaji asijue kumekucha au kumekuchwa. Mbingu ya Venetian ni hatua moja zaidi: madirisha hayahitajiki tena, kwa sababu mawingu yale yako palepale na jua halitui. Ukisoma Clepsidra chini ya dari hiyo, unaona namna mshairi aliyekufa mwaka 1926 anavyolihukumu jengo la mwaka 2007. Yeye alikuwa na saa ambayo kila tone lake ni kitu kilichopotea, na uzuri wa tungo zake umo katika kukubali kupotea huko. Ukumbi unaahidi kinyume chake, kwamba hakuna kinachopotea ila fedha, na hizo nazo zitarudi karata ijayo.

Mswahili anayetazama meza hizo anaweza kustaajabu kwamba msamiati wake anao nyumbani. Karata, turufu, kopa, uru, shupaza na pau ni maneno ya Kireno yaliyobaki vinywani mwa watu wa pwani, na hata meza yenyewe ni neno la Kireno. Gereza nalo wanaisimu wengi hulitoa kwenye neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Macau kanisa liligeuka kambi ya askari likaungua. Pwani neno la kanisa liligeuka jela. Maneno hayo hayakutiwa katika orodha ya urithi na mtu yeyote. Yalidumu kwa sababu watu walicheza karata barazani, wakapiga turufu, wakazozana.

Uadilifu unataka isemwe pia kuwa kasino si shetani mtupu. Sehemu kubwa ya mapato ya serikali ya Macau hutoka huko. Tangu mwaka 2008 wakaazi hupewa gawio la fedha kila mwaka, na kazi ya kugawa karata mezani imewekewa wenyeji. Majengo mengi ya kale yametengenezwa vizuri. Wala wakaazi si watu wa kukubali kila kitu: majengo marefu yalipotishia kuuziba mnara wa taa wa Guia, unaowaongoza mabaharia tangu mwaka 1865, walilalamika kwa nguvu, na mwaka 2008 serikali ikaweka kikomo cha urefu wa majengo ya kuuzunguka mnara huo. Mji unajua kukumbuka. Swali ni kuwa unakumbuka vitu vya namna gani.

Ulimi unaokauka

Jibu la swali hilo haliko katika jiwe. Wamacau wa asili, watu ambao nasaba zao zimechanganya Wareno, Wachina, Wamalay, Wagoa na Wajapani, walikuwa na lugha yao iitwayo Patuá. Ilizaliwa katika nyumba za bandari. Mwili wake ni wa Kireno, lakini imebeba maneno ya Kimalay, ya lugha za India na Ceylon, na ya Kikantoni. Kitenzi chake hakinyambuliki kama cha Kireno. Na wingi hupatikana kwa kulirudia neno mara mbili, kama wafanyavyo Wamalay. Yaani kila kitu ambacho uso wa São Paulo unakionesha kwa mchongo, mchanganyiko wa mikono na imani na bahari, Patuá ilikibeba kwa pumzi.

Mshairi wake mkubwa ni José dos Santos Ferreira, aliyejulikana kwa jina la Adé, aliyezaliwa mwaka 1919 na kufariki mwaka 1993. Alitunga mashairi na michezo ya kuimba katika lugha ambayo wakati huo wengi waliiona ni Kireno kilichovunjika. Tungo zake si za kina kirefu kama za Pessanha, na kuna nyakati ambapo mapenzi yake kwa mji hugeuka sifa tupu. Lakini ana jambo ambalo Camões na Pessanha hawana. Anasema kutoka jikoni. Mizaha yake, majina ya vyakula, namna ya bibi kumkaripia mjukuu, vyote vimo, na haviwezi kuhamishwa kwa Kireno sanifu bila ya kufa njiani. Kwa mizani ya ushairi wa juu Adé ni wa tatu. Kwa mizani ya undani wa mji ni wa kwanza.

Lugha hiyo haikuuliwa na kasino. Ilianza kudhoofika mapema zaidi, skuli za Kireno zilipowafundisha watoto kuionea haya lugha ya mama zao, na wazazi waliowatakia watoto kazi za serikali wakaacha kuizungumza nyumbani. Kisha wengi walihama, wakatawanyika Ureno, Brazil, Canada na Marekani. Mwaka 2009 UNESCO, shirika lilelile lililoyapa majengo hadhi ya urithi mwaka 2005, liliihesabu Patuá miongoni mwa lugha zilizo katika khatari kubwa ya kutoweka. Jiwe limepata ulinzi na ulimi ukapata onyo, na tafauti ya miaka ni minne tu.

Hili si jambo la Macau peke yake, na ndiyo sababu linamhusu msomaji wa visiwani. Kisiwa cha Msumbiji kiliingia katika orodha hiyo mwaka 1991, Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 2000, mji wa kale wa Lamu mwaka 2001. Milango ya nakshi hutengenezwa na kupigwa picha, na ni vyema. Lakini Kimakunduchi, Kitumbatu na Kitikuu navyo ni majengo, na vimepigwa na jambo lilelile: mtoto akivisema darasani husahihishwa. Kiswahili si Patuá, kwani wasemaji wake wanaongezeka. Hata hivyo lugha yaweza kunenepa kwa wingi wa watu huku ikipoteza vyumba vyake vya ndani, ambavyo ndivyo washairi wa zamani walivyokaa.

Macau nayo haikukubali kunyamaza. Mwaka 1993, mwaka uleule aliofariki Adé, liliundwa kundi la michezo ya kuigiza kwa Patuá, Dóci Papiaçám di Macau, jina lenye maana ya mazungumzo matamu ya Macau. Huigiza vichekesho vinavyowadhihaki wakubwa na kuyasema mambo ya siku hizo, na ukumbi hujaa. Pembeni mwa jukwaa huoneshwa tafsiri ya maandishi, kwa sababu wengi wa waliokaa vitini, hata walio wajukuu wa wasemaji wa lugha hiyo, hawaifahamu.

Karibu na joka la São Paulo iliwekwa sentensi ya Kichina ili mtu wa nje aelewe alichochonga mtu wa ndani. Katika ukumbi wa Patuá maandishi yamewekwa ili mtu wa ndani aielewe lugha ya bibi yake. Mgeni anayetaka kuiona Macau afanye safari zote, ya ukuta, ya bustani na hata ya meza za karata. Lakini akibahatika kupata tikiti ya mchezo huo, aingie, akae, na asikilize ni lini watu wanacheka: kabla ya kuisoma tafsiri, au baada yake.